UCHANGANUZI: Mtambo wa picha bila msomaji haumwokoi mgonjwa wa aota

TOFAUTI ya milimita tano kwenye picha yaweza kuamua iwapo mgonjwa atapasuliwa au atarudishwa nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa wenye uvimbe wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Tumboni, mshipa huo huwa na upana wa takriban sentimita mbili. Kuta zake zikidhoofika hutanuka polepole, aghalabu bila maumivu, na ukipasuka wengi hufariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Mwanasayansi Albert Einstein alifariki mnamo 1955 baada ya uvimbe kama huo kupasuka.

Uingereza huwaalika wanaume wanaotimiza miaka 65 kupimwa kwa ultrasaundi. Upana ukifika sentimita 5.5, upasuaji hufikiriwa.

Hata hivyo, kugundua uvimbe ni jambo moja na kupanga upasuaji ni jingine. Hapo huhitajika mtambo wa CT, unaopiga picha za vipande vyembamba vya takriban milimita moja baada ya mgonjwa kudungwa dawa inayoing'arisha damu. Daktari hupima sehemu isiyovimba iliyo chini ya mishipa ya figo. Ikiwa fupi mno, mrija wa kawaida unaopitishwa kinenani, mbinu aliyoianzisha Juan Parodi jijini Buenos Aires mnamo 1990, hauwezi kushika. Aidha, mshipa uliopinda ukipimwa kimshazari huonekana mpana kuliko ulivyo. Asiyelijua hilo aweza kumpeleka kisuni mtu ambaye hakustahili.

Wala gharama haiishii hapo. Mrija waweza kuvuja, hivyo mgonjwa hupigwa picha maisha yake yote. Ni sababu mojawapo iliyoifanya taasisi ya NICE ya Uingereza kupendekeza mnamo 2018 kwamba mbinu hiyo isitumiwe kwa uvimbe ambao haujapasuka. Madaktari wengi walipinga, na mwongozo wa mwisho wa 2020 ukalegeza kamba.

Kenya ina la kujifunza. Mnamo 2015 serikali ilikodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, vikiwemo vya picha. Kamati ya Seneti ilibaini mnamo 2020 kwamba baadhi vilikuwa vimekaa bure, kwa kukosa wahudumu na hata umeme. Umeme waweza kuunganishwa. Msomaji wa picha hufunzwa kwa miaka mingi, na hakodishwi pamoja na mtambo.