Jeneza Halijibebi

Ndugu zangu wa Bofu hapa Likoni, nina neno nanyi, na naomba mlisikilize kabla hamjafunga milango.

Tumeanza kujificha nyuma ya kufuli. Ukuta unapandishwa, geti linatiwa komeo, na mwenyewe ajisifu kwamba hajamwomba jirani hata chumvi. Sifa gani hiyo? Aombaye chumvi leo kesho ataombwa kiberiti, na kwa vijambo vidogo kama hivyo ndivyo watu wanavyojuana majina, maradhi na watoto wao. Sisemi mtu akae bure angoje kulishwa. Kazi ifanywe. Lakini niambieni, nani amewahi kujizika?

Kwetu Waislamu mazishi ni faradhi ya kifaya: wakisimama baadhi, wote wamesalimika, asiposimama hata mmoja, dhambi ni ya wote. Litazameni jeneza likitoka msikitini. Halikai bega moja hatua ishirini. Huyu aingia, yule atoka, na hata aliyegombana na marehemu juzi anapenya apate kuligusa. Nyuma ya nyumba, akina mama wameshateleka wali kwa masufuria ambayo si ya mwenye msiba.

Hawa wapangaji wetu waliotoka bara nao wana lao. Maiti yao ina safari, yavuka feri ya Likoni kisha barabara ndefu hadi kwao. Basi jioni watu hukaa matanga, daftari likapita, mia ya huyu, mia mbili za yule, na humo utakuta majina ya Wadigo wa hapa wasioijua njia ya kijiji cha marehemu.

Yupo atakayesema, mimi hutuma M-Pesa. Tangu 2007 imetufaa sana, siibezi. Ila simu haishuki kaburini kupokea maiti, wala haimshiki mjane mkono.

Wazee wetu hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka hapo jirani Mtongwe, wakafa watu 272. Msiba ule hakuna tajiri ambaye angeuweza peke yake.

Sasa yule mpangaji aliyehamia juzi, mlango wa tatu kutoka kwako, jina lake walijua? Nenda leo baada ya magharibi, ubishe hodi. Ukikosa la kusema, omba chumvi.