Bakshishi Isigeuke Hongo

Wananchi wengi wa Visiwani ambao shughuli za Bunge, za Serikali ya Muungano au za biashara huwapeleka Dodoma wamekuwa wakirudi na malalamiko ya namna moja. Hawalalamikii jua la nyanda za kati wala vumbi la kiangazi, kwani hayo ni maumbile na wenyeji wameishi nayo karne nyingi. Wanalalamika kwamba siku hizi ni nadra kukuta kitu kinachouzwa, au huduma inayotolewa, ambayo gharama yake huishia pale bei inapotajwa. Juu ya bei hutakiwa kitu kingine, nacho kina majina mengi: ya soda, ya maji, ya chai, ya vocha, ya kutolea. Asiyetoa hutazamwa kama mtu aliyekula bila ya kulipa.

Ni haki kukiri mapema kwamba tabia hii haikuzaliwa Dodoma, wala haiishii huko. Katika mahoteli ya pwani ya Unguja bakshishi ya dola imekwisha kuwa sehemu ya mahesabu ya mfanyakazi hata kabla mgeni hajashuka garini. Lakini twaitazama Dodoma kwa sababu ndiyo makao makuu ya nchi, na kinachozoeleka makao makuu hufika wilayani kikiwa tayari kimevaa sura ya utaratibu.

Tukumbuke jinsi mji huo ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 sehemu kubwa ya Serikali ilibaki Dar es Salaam. Mambo yaligeuka mwaka 2016, pale Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahama, na Waziri Mkuu akatangulia mwaka huo huo. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na hadhi yake ya makao makuu ikawekwa katika sheria. Wizara zikajengwa Mtumba, na Ikulu ikawa Chamwino. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa wa Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,085,625. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inakwenda baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na mtu aliyepanda boti Unguja asubuhi anaweza kulala Dodoma usiku ule ule.

Mji ukikua kwa kasi hiyo, huja ndani yake watu wa aina mbili. Wako wanaokuja na mshahara na posho ya safari, na wako wanaokuja kuwahudumia hao: dereva wa bodaboda na wa bajaji, mama lishe, mpagazi wa stendi, mhudumu wa gesti, mlinzi wa geti, mwosha magari. Kati ya hawa wawili ndipo mazoea haya ya bakshishi yalipoota.

Si kila kinachoitwa bakshishi ni kitu kimoja, na kuyachanganya ndiko kunakotupoteza. Kwa maoni yetu yako mambo matatu.

La kwanza ni zawadi. Mhudumu amefanya kazi yake vizuri, mteja amelipa bei kamili, na kwa hiari yake akaacha shilingi kadhaa mezani. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, usambe ni utajiri. Hapa hatuna neno. Neno lenyewe bakshishi, lililotufikia kutoka Uajemi kwa njia ya Waarabu, na ambalo wazee wetu wakilitamka bahashishi, maana yake haikuwa nyingine ila tunu itolewayo kwa ukarimu.

La pili ni bei iliyofichwa. Dereva wa bodaboda anakubali safari ya shilingi 1,500, na mkifika anapokea noti ya 2,000 na kusema hana chenji, huku mfuko wake ukilia sarafu. Mwenye duka anakataa malipo kwa namba ya biashara, ambayo makato yake ni juu yake mwenyewe, anataka fedha itumwe kwenye simu yake binafsi, kisha anamwamuru mnunuzi aweke na ya kutolea. Desturi hii ilipata nguvu tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021. Tozo zikapunguzwa baada ya kelele za wananchi, lakini amri ya "weka na ya kutolea" haikupungua. Mnunuzi hatoi zawadi hapa. Analipa gharama za biashara ya mtu mwingine, tena bila ya kuambiwa mapema.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni pale kitu hicho kinapotakiwa na mwenye dhamana ya umma. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakiingizwa katika mfumo wa namba maalumu ya malipo, ili fedha iende moja kwa moja hazina bila ya kupita mkononi mwa karani. Hatua hiyo ilikuwa njema sana. Lakini namba ya malipo haiwezi kulitafuta faili kabatini. Mwananchi amelipa kila alichotakiwa, risiti anayo, kisha anaambiwa kwamba faili halionekani, au mwenye muhuri ametoka. Na baada ya kimya kidogo anaulizwa kama hana hata ya maji. Hiyo si bakshishi. Jina lake tunalijua sote, na historia ya neno lenyewe imefungamana na nchi hiyo hiyo ya Ugogo.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mingi ikiwa ni ya wafanyabiashara wa Unguja, haikuwa na njia ya karibu isiyopita Ugogo. Nchi ilikuwa kavu. Visima vilikuwa vichache na vilichimbwa kwa jasho la wenyeji, na msafara wa mamia ya watu ungeweza kunywa kwa siku moja maji ya kijiji kizima. Kwa hiyo watemi wa Kigogo walitoza hongo: doti za merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote waliandika manung'uniko marefu juu ya malipo hayo. Lakini tukisema haki, hongo ile ilikuwa ushuru. Ilitozwa hadharani, ikajadiliwa mbele ya watu, na ikimaliza kulipwa msafara ulipata ruhusa ya kunywa, kununua chakula na kupita. Utawala wa Kijerumani ulipojiimarisha uliifuta na kuweka kodi yake wenyewe. Neno likabaki bila ya ushuru wake, likashuka cheo hadi kuwa jina la kile kinachotolewa gizani ili kununua haki.

Safari ya neno hilo ina onyo kwetu. Ikiwa ushuru wa wazi uliweza kuliachia jina lake uovu wa siri, basi zawadi ya hiari nayo yaweza kufika huko huko, na kwa mwendo tunaouona haitachukua karne.

Liko na funzo la pili katika habari ya misafara. Hongo haikuwa na kiwango kimoja; ilipimwa kwa ukubwa na utajiri wa anayepita. Aliyebeba vingi alitozwa vingi, na macho ya wenye njia yakazoea vingi. Hapa ndipo inapotubidi sisi wa Visiwani, pamoja na maofisa wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, tujitazame wenyewe. Mjumbe anayemwachia dereva noti ya 10,000 kwa safari ya 3,000 hufanya hivyo kwa wema, au kwa haraka, au kwa kutaka aonekane mkubwa. Ofisa anayemtia mkononi mlinzi wa geti ili gari lake lipite kwanza humwona mlinzi kuwa ni mtu mwepesi wa shukrani. Wote wawili huondoka kikao kikiisha. Anayebaki na kiwango kipya ni mkulima wa Bahi au Kongwa aliyekuja mjini kufuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba yake, na mfukoni ana nauli ya kurudia tu. Yeye naye atatazamwa mikono. Na mkono mtupu, tunajua, haulambwi.

Wako watakaotujibu kwamba mfanyakazi anayeomba ya soda haombi kwa tamaa, anaomba kwa njaa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoteuliwa mwaka 1996 kuchunguza kero ya rushwa, ilitofautisha waziwazi wanaopokea kwa sababu kipato hakiwatoshi na wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia. Serikali kwa upande wake imechukua hatua: katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2025, zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayetaka ya maji leo hana tena kisingizio chote alichokuwa nacho jana.

Hali ya sekta binafsi ni ngumu zaidi. Amri za kima cha chini zipo, lakini mhudumu wa gesti au wa mkahawa mara nyingi hana mkataba wa maandishi, na wako waajiri wanaomwambia waziwazi kwamba mshahara ni mdogo ila wageni wa hapa wanatoa. Mwajiri wa namna hiyo anachukua kazi ya mtu na kumtuma akadai ujira wake kwa wapita njia. Kwa wenzetu wa Marekani jambo hili limekwisha kuota mizizi: sheria ya nchi nzima imemruhusu mwajiri, tangu mwaka 1991, amlipe mfanyakazi apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kwa hesabu kwamba mteja atajaza pengo, ingawa majimbo kadhaa yameweka viwango vya juu zaidi. Mahali bakshishi inapofanywa mshahara, mfanyakazi hana tena hakika ya chakula chake, na mteja hana tena hiari. Anayenufaika ni mwenye biashara peke yake.

Wengine watasema kwamba hii ni mila yetu, na kwamba Mwafrika hamwachi mtu mikono mitupu. Hoja hiyo ilikwisha kupimwa mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa na kuruhusu takrima, kwa maelezo kwamba ukarimu wa jadi wa mgombea si rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba vilimbagua mgombea asiye na fedha mbele ya mwenye nazo. Hukumu ile ilihusu kura, lakini mantiki yake inafika hadi dirisha la ofisi. Ukarimu unaompa mwenye nacho haki zaidi ya asiye nacho hauwezi kuitwa mila.

Basi tufanye nini? Hatupendekezi sheria mpya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu mtoaji sawasawa na mpokeaji, na hapa Zanzibar tunayo Mamlaka yetu yenye kazi hiyo hiyo. Kinachohitajika ni mambo machache ya kila siku.

Kwanza, kila ofisi ya umma iandike mlangoni ada ya kila huduma na siku ambazo huduma hiyo yapaswa kuchukua, kwa maandishi makubwa ambayo mwanakijiji anaweza kuyasoma bila ya kuuliza. Kuchelewesha bila sababu kuhesabiwe kuwa ni kosa la utumishi, kwani ucheleweshaji ndio duka linalouzia rushwa. Pili, maofisa wa kazi waingie katika magesti na mikahawa ya Dodoma, Singida na Manyoni, kama wanavyoingia viwandani, wakague mikataba na malipo. Tatu, mfanyabiashara atangaze bei iliyokamilika. Kama anataka gharama za simu zimo ndani ya bei, azitie humo, na mnunuzi achague kununua au kuacha.

La nne ni juu yetu sisi wasafiri. Tukitaka kutoa, tutoe baada ya kazi kwisha, tutoe kwa kiasi, na tumpe yule ambaye hana uwezo wa kutunyima haki yetu. Mpagazi aliyebeba mzigo wako vizuri mpe, naye akushukuru. Lakini aliyeshika muhuri wa umma usimpe hata shilingi, hata akiwa mpole, hata ukiwa na haraka. Wazee walisema penye udhia penyeza rupia. Ni usemi wa watu waliokuwa chini ya serikali zisizokuwa zao. Serikali ya sasa ni yetu, na udhia unaokutwa dirishani kwake haupaswi kupenyezewa chochote ila swali, kwa sauti ya kusikika, ukimtaka karani akuambie jina lake na saa ya kurudi.

Mkulima wa Bahi hana noti ya 10,000, lakini swali hilo anaweza kuliuliza. Wajumbe na maofisa wakiwa wa kwanza kuliuliza mbele yake, naye ataona kwamba halina adhabu.