Mahali pa Kushukia Mtoni

Katika mdahalo wetu wenzangu walinicheka nilipotaja mchezo wa kupiga kasia katika maji yaendayo kasi. Walisema huo ni mchezo wa wageni wenye fedha, haumhusu mtoto wa Dzaleka apangaye foleni na ndoo yake kisimani. Mimi nasema unamhusu.

Mwenye mashua hatafuti maji peke yake. Hutafuta mahali pawili: pa kushukia juu ya maporomoko, na pa kutokea chini yake. Akikosa pa kutokea, kwa kuwa ukingo ni jabali tupu au ukuta wa mtu, mchezo hugeuka msiba. Na mahali hapo hapo ndipo mvuvi afungapo mtumbwi wake, na mama atekapo maji. Njia ikizibwa huzibwa kwa wote.

Tazameni Jinja, nchi ya Uganda, katika Mto Nile. Zamani mashua za mpira zilianzia safari penye maporomoko ya Bujagali. Mwaka 2012 bwawa la umeme wa megawati 250 likaanza kazi kamili, maporomoko yale yakiwa yamekwisha zama. Wenye mashua wakahamia chini. Mwaka 2019 likafunguliwa bwawa la Isimba, megawati 183, likazamisha mengine. Sipingi umeme, atakayesoma kwa tochi usiku ataupingaje? Lakini vijana wa kando ya mto ule walikuwa wamekwisha jifunza kuongoza mashua na kupata riziki, na kila bwawa lilipojaa, ilibidi watafute upya pa kushukia.

Mto wetu wa Lilongwe hutoka Dzalanyama, hupita katikati ya mji, huingia Linthipe mpaka Ziwa Malawi. Sawa, si Nile. Lakini mwaka jana nilipata ruhusa ya kwenda mjini, nikajaribu kuushukia karibu na soko ninawe miguu. Takataka zilifika magotini, nikarudi. Nilipotaka kuvuka kwa daraja la miti, mwenye daraja akanidai fedha. Simlaumu sana, kwani alilijenga yeye. Ila mto hakuuchimba yeye.

Nawaomba wakubwa wa mji watenge japo mahali pawili, wajenge ngazi za mawe, wapasafishe, na mtu asidaiwe hata senti. Wenye mashua watakuja wenyewe. Mimi kasia sijalishika bado.