Rangi Ikiwa Bado Mbichi

Mnunuzi anayefika kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, kwa kawaida macho yake huenda moja kwa moja kwenye picha zilizokwisha, zile zinazong'aa ukutani. Zilizoegemezwa pembeni, ambazo twiga bado hana macho na mbuyu hauna matawi, huzipita. Safu hii inasema anapita palipo na utamu wenyewe.

Mchoraji wa Tingatinga hupaka kwanza rangi ya chini, uso mzima wa picha, kisha huuacha ukauke. Rangi anayotumia ni ya mafuta, ya kopo, ndugu wa ile inayopakwa kwenye milango, na haina haraka ya kukauka. Akiiwahi, mstari mpya unazama katika rangi ya chini na shingo ya twiga inageuka tope. Ndiyo maana huwa na picha kadhaa mkononi kwa wakati mmoja: hii inakauka, ile inachorwa umbo la mnyama, nyingine iko kwenye hatua ya madoa ya chui, yanayowekwa moja moja kwa ncha ya brashi. Anayetazama kwa nusu saa atajifunza mengi zaidi kuliko aliyenunua na kuondoka.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeupa mtindo huu jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai. Alichukua vipande vya hadibodi, ile ya kuzibia dari, na rangi za kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Lakini jamaa na wanafunzi aliowaacha walikuwa wameshamwona akichora, wameshajua rangi inasubiriwa muda gani, na kwa hiyo ufundi haukuzikwa naye. Wao ndio waliozitoa picha mbugani wakaziingiza kijijini na mjini: hospitali, soko la samaki, mganga na wateja wake. Mohamed Charinda, mmoja wa waliofuata njia hiyo, alichora maisha ya kijiji, hadithi za wazee na hata misafara ya watumwa.

Maisha ya kila siku kuwa chanzo cha sanaa si jambo lililoanzia Oysterbay. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alitumia maisha yake yote kuchora migomba, wavuna kahawa na watu wakienda kwenye shughuli zao. Mwalimu wake, Margaret Trowell, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio, nao wakalichora kutoka kichwani. Ntiro alipokwenda Uingereza kusomea chuo cha sanaa cha Slade, na hata alipokuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London, mlima wake hakuuacha. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Pombe ya ndizi, jambo ambalo kijana wa huko Kilimanjaro angeliona la kawaida mno kustahili rangi.

Miongo sita baadaye, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyepita Slade hiyo hiyo, anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti ambalo Waganda hulipiga kwa nyundo za mbao mpaka litanuke. Gome hilo lina matundu na mishono, na Armitage haifichi. Mara nyingine tundu ndilo linaloamua mwili wa mtu upite wapi. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, alifuatana na waandishi wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park. Aliyoyaona pale, wakiwamo watu waliopanda mtini ili waone vizuri, yakawa picha kubwa. Zilipofika maonesho ya Venice mwaka 2019, michoro yake ya wino nayo ilioneshwa. Hapo ndipo penye funzo kwetu: mchoro wa awali ulipewa heshima ya kutazamwa.

Huku kwetu michoro ya aina hiyo huishia kufungia vitumbua. Mchoraji anapofariki, familia inabaki na picha ambazo hazikupata mnunuzi, huku daftari, karatasi na mbao zilizoachwa nusu zikitupwa siku ya kufagia chumba. Tunabaki na matokeo bila njia, kisha tunashangaa kwa nini vijana wananakili pundamilia yule yule badala ya kuchora bodaboda inayopita mlangoni kwao.

Makumbusho ya Taifa na vyuo vyetu vinavyofundisha sanaa vianze kukusanya daftari za wachoraji wangali hai, na kuwalipa kwa hilo. Walimu wa sanaa wa Dar es Salaam wasisubiri bajeti: Oysterbay ni nauli ya daladala tu. Wapelekeni watoto wakati rangi ikiwa bado mbichi, na muwaache waulize maswali.