Hadhi ya Klabu na Thamani ya Mtoto



Nataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi wetu hulipita wakidhani ni la kitoto, nalo ni michezo ya mpira ya kompyuta. Katika nyumba zetu nyingi hapa Stockholm vijana hukesha nayo, mama hugomba, na baba hujifanya hasikii. Mimi nimesomesha miaka mingi na sasa nimestaafu. Nafasi ninayo, basi nimekaa na wajukuu nikaitazama michezo hiyo kwa makini, kama nilivyokuwa nikitazama madaftari ya wanafunzi. Rai yangu ni hii: ndani yake mna hesabu mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni ya kweli, ya pili ni ya kubahatisha, na mzazi asiyezitenganisha huenda akamponza mwanawe.

Hesabu ya kwanza ni hadhi ya klabu. Ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, walitoa mchezo wao wa Championship Manager mwaka 1992, ambao tangu 2004 unaendelezwa kwa jina la Football Manager. Waswidi nao walianzisha wao, Hattrick, mwaka 1997. Katika michezo ya namna hii kijana hapigi mpira; yeye ni meneja. Anasajili, anauza, anapanga timu na kuhesabu fedha. Katika Football Manager kila klabu ina kiwango chake cha hadhi, na hicho ndicho kinachoamua nani atakubali kuja kwako. Ukiwa na klabu ndogo, mchezaji maarufu hakusikilizi.

Wamarekani wana mchezo wao wa vyuo vikuu, ambavyo hushindana katika ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu. Ulikaa miaka 11 bila ya toleo jipya, kwa ajili ya kesi za wanafunzi ambao sura zao zilitumiwa bila ya malipo, ukarudi Julai 2024. Mwanafunzi aliyekubali kuwekwa ndani alilipwa dola 600. Humo chuo hupewa nyota za hadhi, na kijana wa sekondari anayeitwa kujiunga hukipima kwa mambo 14, yakiwamo ubora wa masomo, umbali na kwao, na nafasi ya kucheza.

Mjukuu wangu mmoja alinilalamikia: "Babu, nimechukua kombe, na bado wachezaji wakubwa wananikataa!" Nikamwambia mchezo umemwambia kweli. Wako vijana wanaoingia ndani na kuzibadili hesabu ili timu yao iwe kubwa kwa usiku mmoja. Mimi nasema ziachwe. Jina la klabu ni akiba ya miaka. Simba na Yanga hazikupata wapenzi wao kwa msimu mmoja. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, na baba amemrithisha mwana.

Walakini akiba huweza kuwekwa na mnyonge pia. Tazameni Mjällby, klabu ya pwani ya kusini ya Uswidi, ambayo uwanja wake uko kando ya bahari katika kijiji cha wavuvi cha Hällevik. Mwaka 2016 ilikuwa katika daraja la tatu na ilinusurika chupuchupu kushuka tena. Mwaka 2018 ikapanda, 2019 ikapanda tena, na mwaka 2025 ikawa bingwa wa Uswidi kwa mara ya kwanza, mbele ya vigogo vya Stockholm, Göteborg na Malmö. Kocha wake wa wakati huo, Anders Torstensson, aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa skuli, nami sifichi kwamba jambo hilo lilinifurahisha. Miaka tisa! Huo ndio mwendo wa hadhi, na mchezo unaoufuata mwendo huo unamfunza mtoto subira kuliko hotuba zetu.

Hesabu ya pili ni kipaji cha kijana. Hadhi huhesabu yaliyokwisha kutendeka. Kipaji kikiandikwa kwa namba huwa ni utabiri wa yasiyotokea, na aliyeandika ni binadamu kama sisi.

Ushahidi uko hapa hapa mjini. Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Uswidi, na akacheza katika timu za vijana za Djurgården. Angali mdogo akachukuliwa na Derby County ya Uingereza. Championship Manager ya msimu wa 2000/01 ilimpa alama za juu mno, na vijana katika nchi nyingi wakawa wanamsajili yeye kwanza. Katika maisha ya kweli hakucheza hata mechi moja ya ligi katika timu ya kwanza ya Derby. Alifiwa na kaka yake aliyekuwa mlezi wake, akarudi, akachezea klabu ndogo za Uswidi na Ufini. Hapana aibu yoyote katika hayo. Msiba haukuwa na nafasi katika zile alama, basi.

Wako watakaosema kwamba bila ya kuota mtoto hafiki mbali. Naam, na aote. Ninalolikataa ni mzazi kuipokea namba ya mtu mwengine kuwa ndiyo bei ya mwanawe. Siku hizi mawakala hufika pembeni mwa viwanja vyetu wakitaja nyota na alama za watoto wa miaka 13. Mjue kwamba kanuni za FIFA hukataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyengine, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ndani ya Umoja wa Ulaya huweza kuruhusiwa kuanzia miaka 16, na klabu hulazimika kumpatia masomo na makazi mazuri.

Kwa hivyo akija mtu kumtaka mtoto wako, muulize yale yale ambayo kijana wa mchezo wa Kimarekani huyapima. Masomo yake yatasimamiwa na nani? Vijana wa umri wake wamecheza mara ngapi katika timu hiyo? Ni mbali gani na nyumbani, na jioni akiumwa nani atakuwa naye? Asiyeweza kujibu matatu hayo, mpe chai kisha umuage kwa heshima.

Na nyinyi vijana mnaosoma haya, endeleeni kucheza, lakini chukueni klabu ndogo mkaikuze. Ama nyota, mwacheni kila mtoto azipate kwa miguu yake.