Mali bila daftari: kodi ya wauzaji wa tiketi mtandaoni

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka, mwenye jahazi au mwenye shamba la minazi. Leo tunaielekeza kwa mfanyabiashara wa aina nyingine: yule anunuaye tiketi ya mechi au ya tamasha kwa simu yake, kisha akaiuza tena mtandaoni kwa bei aipendayo. Huyu hana duka, hana mizani wala hana karani. Na kwa kuwa hana vitu hivyo, huenda akadhani kwamba hana hesabu ya kumtolea mtu. Dhana hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumzia.

Ndugu msomaji, tutautazama mfano wa Marekani, na tunazo sababu. Huko ndiko soko hili lilikokua likawa kubwa, kupitia kampuni kama StubHub, SeatGeek na Ticketmaster. Huko ndiko Kombe la Dunia la mwaka 2026, lenye mechi 104, lilikopangiwa 78 kati ya mechi hizo. Na huko wanaishi ndugu zetu wengi, watu wa Mombasa, wa Zanzibar na wa Kongo, ambao mshahara wa kazi moja hauwatoshi, na kila njia halali ya kuongeza kipato huwavutia. Isitoshe, sheria yenyewe imegeuzwageuzwa mara kadhaa katika muda wa miaka michache, hata aliye mwaminifu akawa hajui asimame wapi.

Tuanze na sheria ilivyokuwa. Kampuni ya mtandaoni inayopokea fedha za mnunuzi na kumfikishia muuzaji hulazimika kuipelekea Mamlaka ya Kodi ya Marekani taarifa ya malipo hayo, kwa fomu iitwayo 1099-K. Nakala yake hupelekewa muuzaji mwenyewe ifikapo tarehe 31 Januari. Kwa miaka mingi taarifa hiyo haikuwa ya lazima mpaka mambo mawili yatimie kwa pamoja: malipo ya mwaka yazidi dola 20,000, na miamala izidi 200. Muuzaji mdogo hakuguswa.

Mwezi Machi 2021 ikapitishwa sheria mpya iliyokiteremsha kima hicho hadi dola 600, bila kujali idadi ya miamala. Yaani kijana aliyeuza tiketi nne au tano tu za tamasha kubwa angeweza kutumiwa fomu. Kelele zikawa nyingi. Mwezi Desemba 2022 mamlaka ikaahirisha utekelezaji, na mwezi Novemba 2023 ikaahirisha tena. Mwaka 2024 ikatangaza ngazi za kushukia: dola 5,000 kwa mwaka huo, dola 2,500 kwa mwaka 2025, kisha dola 600 kuanzia mwaka 2026. Kabla ngazi hizo hazijamalizika, sheria nyingine iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ikakirejesha kima cha zamani cha dola 20,000 na miamala 200, kana kwamba hakikuwahi kuondolewa. Wengi wetu tuliisikia sheria hiyo kwa ajili ya ushuru wake wa asilimia 1 juu ya fedha taslimu zinazotumwa nje ya nchi. Habari ya fomu ilipita kimya kimya.

Sasa ni lipi lililobadilika, na ni lipi lisilobadilika? Hapa ndipo watu wanapoteleza. Kilichopanda na kushuka ni kima cha kampuni kupeleka taarifa. Wajibu wa muuzaji kulipa kodi juu ya faida yake haukupanda wala haukushuka. Aliyenunua tiketi kwa dola 100 akaiuza kwa dola 300 amepata faida, na faida hiyo ni kipato kinachotozwa kodi, awe ametumiwa fomu au hakutumiwa. Fomu ni shahidi tu. Deni haliundwi na shahidi, wala halifutiki kwa kuwa shahidi hakuwepo. Kila mtu aliyelelewa vyema analijua hili katika mambo ya mikopo na amana. Hatuoni ni kwa nini alisahau anapoingia mtandaoni.

Kwa upande wa pili, ni haki pia kumtetea muuzaji, kwani fomu hiyo yaweza kumdhulumu asipokuwa na hesabu zake. Kiasi kinachoandikwa ndani yake ni jumla ya malipo yote, kabla ya kutoa ada za kampuni, marejesho, au bei aliyonunulia. Tutoe mfano wa kukadiria. Mkazi wa jimbo la Massachusetts amenunua tiketi mbili kwa dola 300. Amepata dharura, akaziuza kwa dola 500, na kampuni ikakata ada ya dola 50. Faida yake ni dola 150, lakini taarifa itasema 500. Baadaye akanunua tiketi nyingine kwa dola 200 ili aende na mwanawe uwanjani, mvua ikaharibu safari, akaiuza kwa dola 120. Hapo amepata hasara ya dola 80, ilhali taarifa itapanda hadi dola 620. Asiyehifadhi risiti ataonekana mbele ya mamlaka kuwa mtu aliyechuma dola 620 asiseme lolote.

Katika mfano huu limo jambo jingine ambalo kwa maoni yetu si la uadilifu. Mtu wa kawaida aliyenunua tiketi kwa matumizi yake hutozwa kodi akipata faida, lakini akipata hasara sheria haimruhusu kuitoa katika faida ya tiketi nyingine. Kwa hiyo bwana yule atatozwa kodi juu ya dola 150, wala si juu ya dola 70 zilizobaki mkononi mwake. Sababu itolewayo ni kwamba hasara ya kitu cha matumizi binafsi ni gharama ya maisha, mithili ya nguo iliyochakaa. Hoja hiyo ina mantiki yake kwa koti na kwa meza ya chakula. Kwa tiketi, ambazo bei yake hupanda na kushuka kila siku kama bei ya samaki sokoni, mantiki hiyo ni dhaifu.

Ama yule anayenunua tiketi kwa nia ya kuziuza apate faida, akafanya hivyo mara kwa mara, huyo ni mfanyabiashara hata kama hana jina la biashara. Hukumu yake ni tofauti. Anaruhusiwa kutoa bei ya manunuzi, ada za kampuni na hata hasara ya tiketi zilizomfia mikononi. Lakini faida halisi ikifika dola 400 kwa mwaka, anadaiwa pia kodi ya aliyejiajiri, ambayo kiwango chake ni asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Wengi huipenda nafuu ya kwanza na kuusahau mzigo wa pili. Haiwezekani mtu awe mfanyabiashara siku ya kutoa gharama, kisha awe mpenzi wa muziki siku ya kulipa.

Tukiigeukia serikali yenyewe, tunaona mkono wa kulia ukijenga na wa kushoto ukibomoa. Tarehe 31 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri dhidi ya ulanguzi wa tiketi, na ndani yake akaiagiza Wizara ya Fedha pamoja na Mwanasheria Mkuu kuhakikisha kwamba walanguzi wanafuata sheria za kodi. Miezi mitatu baadaye akatia saini sheria iliyokirejesha kima cha juu cha taarifa. Tufanye hesabu ndogo. Mlanguzi aliyeuza mara 150 kwa mwaka, kila mara kwa dola 600, amepokea dola 90,000. Fedha zimezidi dola 20,000, lakini miamala haikuzidi 200. Kwa kuwa mambo yote mawili hayakutimia, sheria ya shirikisho hailazimishi kampuni kupeleka taarifa yake. Je, ni yupi aliyekusudiwa kudhibitiwa, na ni yupi aliyeachwa apite?

Hatusemi kwamba kima cha dola 600 kilikuwa sawa. Kilikuwa kidogo mno, na kingewaingiza katika hofu watu waliouza tiketi kwa sababu ya ugonjwa au msiba, wasio na faida yoyote. Lakini kati ya dola 600 na dola 20,000 pana nafasi pana, na sharti la miamala 200 halina maana katika soko ambamo tiketi moja yaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Lililo la busara lingekuwa kima cha kati, kisimame juu ya fedha peke yake, na taarifa ioneshe ada zilizokatwa. Hapo mdogo angepumua na mkubwa angeonekana.

Tukumbuke vilevile kwamba majimbo yana sheria zake. Massachusetts, Maryland na Virginia hudai taarifa kuanzia dola 600. Illinois hudai malipo yakizidi dola 1,000 kwa miamala minne au zaidi. Kwa hiyo ndugu wawili wanaofanya biashara ile ile, mmoja yuko jimbo hili na wa pili jimbo lile, mmoja atapokea fomu na mwingine hatapokea, na deni lao kwa serikali kuu ni moja. Wala anayetumia programu za kompyuta kunyakua tiketi kwa kuvuka idadi iliyowekwa asidhani kwamba kulipa kodi kutamsafisha. Sheria ya mwaka 2016 imeikataza hila hiyo waziwazi, na kodi anadaiwa vilevile. Al Capone wa Chicago, aliyetuhumiwa mengi, alitiwa hatiani mwaka 1931 kwa kosa la kukwepa kodi.

Basi nasaha yetu ni nyepesi, na haihitaji mwanasheria. Kila tiketi iandikwe siku inaponunuliwa: tarehe, bei, na sababu ya kununua. Siku inapouzwa iandikwe bei, ada iliyokatwa, na kiasi kilichofika benki. Risiti za barua pepe zihifadhiwe mahali pamoja, kwa muda usiopungua miaka mitatu baada ya kuwasilisha ritani. Fomu ikija na kiasi kikubwa kuliko faida, isitupwe kwa hasira wala isilipiwe kwa woga. Kiasi chake kitajwe katika ritani, na bei ya manunuzi ioneshwe kando yake. Fomu isipokuja, faida itajwe vilevile. Anayeona hesabu zinamzidi amwendee mhasibu mapema, asingoje wiki ya mwisho kabla ya tarehe 15 Aprili.

Na nyinyi wazazi mlioko huku nyumbani, mnaopokea msaada wa vijana hao, msione vibaya kuwauliza. Tumezoea kuuliza kama kijana anakula vizuri na kama baridi imempungua. Tumuulize pia kama anaandika hesabu zake. Mgeni katika nchi ya watu ana mengi ya kupoteza kuliko mwenyeji. Adhabu ya asilimia 20 juu ya kodi iliyopunguzwa kwa uzembe ni nzito kwa kila mtu, na huwa nzito zaidi kwa yule ambaye jina lake jema ndilo rasilimali yake ya kwanza. Daftari la shilingi chache lamtosha kulilinda.