MAMBO YA SHAMBA: Daftari la Udongo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makarani na wenye maduka huijua sana methali hiyo, lakini ni wachache wakumbukao kwamba udongo nao ni mali, na kwamba shamba lisiloandikiwa hesabu hufilisika kama duka.

Katika mtaa wa Rhonda, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, wako watu wafanyao kazi mjini siku za juma, nao wana ekari moja au mbili za mahindi huko Njoro, Bahati au Subukia. Mvua za Machi zikikaribia, mazungumzo yao ni mbolea. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya iliiuza kwa bei nafuu, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 bei ikashushwa hadi shilingi 2,500. Msaada huo ulikuwa mwema. Hata hivyo wapo wanaolalamika kwamba mbolea ni ile ile, kipimo ni kile kile, lakini magunia yanapungua kila mwaka. Na ada ya shule haipungui pamoja na magunia.

Mkulima mwenye lalamiko hilo na afungue daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa yanayoingia. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, umeandikwa 18-46-0. Tarakimu ya kwanza ni ya naitrojeni, ikuzayo majani. Ya pili ni ya fosforasi, isaidiayo mizizi. Ya tatu ni ya potasiamu, iimarishayo bua. Basi mfuko mmoja una kilo 9 za naitrojeni, na potasiamu hakuna hata chembe. Mfuko wa CAN, mbolea ya kukuzia, una kilo 13 hivi za naitrojeni. Fosforasi na potasiamu haina. Aliyetia mfuko mmoja wa kila aina katika ekari moja ameweka kilo 22 za naitrojeni.

Ukurasa wa pili ni wa yanayotoka. Magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 90, huondoka na kilo 25 hivi za naitrojeni ndani ya punje peke yake. Kisha kuna mabua, ambayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya potasiamu ya mmea. Yakiuzwa kuwa malisho, potasiamu hiyo imekwenda zake; yakichomwa moto, naitrojeni yake hupaa pamoja na moshi. Ni kweli kwamba udongo wa Bonde la Ufa aghalabu una akiba nzuri ya potasiamu. Lakini akiba inayotolewa kila mwaka bila kurudishiwa chochote, mwisho wake unajulikana.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo. Uchachu ukizidi, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, chuma na alumini zilizomo ardhini huishika fosforasi, na mahindi hayawezi kuipata. Hapo mkulima anunua chakula na kukifungia ghalani, na mgeni wake analala njaa mlangoni. Kuongeza mfuko wa pili wa DAP si dawa. Dawa ni chokaa ya shambani. Lakini si kila shamba laihitaji, wala haifai kuitia kwa kubahatisha.

Kwa hiyo yafaa udongo upimwe kwanza. Mkulima na apite shambani huku na huku, achimbe mahali 15 au 20 kwa kina cha sentimita 20, achanganye udongo wote katika ndoo safi, na kutoa humo nusu kilo. Asichukue penye kichuguu, wala palipokuwa na zizi au jivu. Udongo huo na upelekwe kwenye maabara, kama ile ya KALRO iliyoko Kabete, kabla ya msimu, si baada ya kununua mbolea.

Jambo la tatu ni wakati. Mbolea ya kukuzia itiwe mahindi yafikapo magotini, udongo ukiwa na unyevu, wala isimwagwe siku ambayo mawingu ya mvua kubwa yametanda. Mvua ikiichukua, huipeleka mitoni. Mto Njoro hushuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina njia ya kutokea maji: kinachoingia hubaki humo. Fedha ya mkulima huwa uchafu wa ziwa.

Mwisho, watu wa Rhonda wasidharau kilicho mlangoni pao. Samadi ya mbuzi na kuku, ambayo ikitupwa mtaroni ni taka, ikipelekwa shambani ni mali. Haina nguvu nyingi kama mbolea ya mfukoni, lakini yarudisha potasiamu, na hulegeza udongo hata ukashika maji. Ikusanywe pamoja na majani na maganda, ifunikwe isipigwe na jua wala mvua, igeuzwe mara kwa mara, na isitiwe mpaka iwe imeoza vizuri. Maharagwe nayo, yakipandwa kati ya mahindi, hujipatia naitrojeni hewani bila kutoza senti.

Daftari lenyewe si gumu. Kitabu cha shule chatosha: kilichotiwa, kilichovunwa, mabua yalikokwenda, na kipimo cha udongo. Baada ya misimu mitatu mkulima atajua kama analima, au anauza shamba lake kidogo kidogo ndani ya magunia.